Mgeni wa Ukutani

Kidawa anaishi na bibi yake huko Lushoto, mlimani. Nyuma ya nyumba yao kuna bustani, na bustani ina ukuta wa matofali.

Chini ya ukuta kuna karoti kumi na moja. Ni za Kidawa! Amezipanda mwenyewe, na anazipenda kupita kiasi.

Siku moja Bibi alikuwa jikoni akikata vitunguu. Machozi tele, haoni kitu.

"Hodi!" ikasema sauti nyembamba kutoka bustanini.

"Karibu! Karibu sana!" akaitika Bibi. Hakuuliza ni nani. Bibi ndivyo alivyo, mtu wa watu.

Kumbe aliyebisha hodi alikuwa mti! Mti mdogo kama kidole, jina lake Mlusina.

Kwa kuwa amekaribishwa, Mlusina akaingia. Akaingia kwenye ufa wa ukuta, akakaa, akajinyoosha.

Mizizi ikasukuma. Suku, suku, suku.
Ukuta ukalia. Krek, krek, krek!

"Bibi!" akaita Kidawa. "Ukuta unapasuka! Matofali yataangukia karoti zangu!"

Bibi akatoka, akaangalia, akashika kichwa. "Maskini mimi! Nimeshamwambia karibu. Sasa nitamfukuzaje? Majirani watanionaje?"

"Shikamoo, Bibi," akasema Mlusina kwa adabu zote. "Kwenu pazuri. Chai ipo?"

Bibi akamletea chai. Mlusina akainywa kwa mizizi, fyuuu, kikombe kizima. Akaomba kingine.

Mizizi ikasukuma. Suku, suku, suku.
Ukuta ukalia. Krek, krek, krek!

Kidawa akakasirika. Akachukua mkasi, akamkata Mlusina kichwa. Kwacha!

Asubuhi Mlusina alikuwa na vichwa vitatu. "Hujambo, Kidawa!" "Hujambo, Kidawa!" "Hujambo, Kidawa!" Na vyote vitatu vilitaka chai.

Tofali likaanguka. Bufu! Likaikalia karoti moja, ikawa bapa kama chapati.

Kidawa akalia. Alilia kweli kweli, na kamasi juu.

Halafu akafikiri. "Bibi, mgeni akishakunywa chai, anafanya nini?"

"Anaaga," akasema Bibi.

"Na sisi tunafanya nini?"

"Tunamsindikiza!" akasema Bibi. Macho yakamtoka. "Wee mtoto, una akili!"

Kidawa akaenda ukutani, akatabasamu. "Mgeni wetu, jua linakwenda. Twende tukusindikize."

Mlusina akaona haya. Angekataaje? "Haya, naaga. Lakini mizizi yangu ni mingi."

"Tutakubebea!" akasema Kidawa.

Wakamwaga maji, udongo ukalainika. Wakavuta. Vuta, vuta, vuta... PWAA! Bibi akaanguka kitako.

"Tuangalie vizuri," akasema Bibi akijipangusa. "Hata mzizi mmoja usibaki. Ukibaki, atarudi kuufuata."

Wakaangalia. Haukubaki hata mmoja.

Basi wakaondoka. Bibi alibeba mizizi mirefu, Kidawa alibeba mizizi mifupi. Mlusina alitembea katikati, chakacha, chakacha, kama bibi harusi.

Wakafika njia panda. "Kwaheri, mgeni wetu," akasema Bibi.

"Aa, mmekuja mbali mno," akasema Mlusina. "Ngojeni nami niwasindikize."

Akawasindikiza mpaka mlangoni kwao.

"Aa, hatuwezi kukuacha urudi peke yako," akasema Bibi. Wakamsindikiza tena mpaka njia panda.

Wakaenda, wakarudi. Wakaenda, wakarudi. Kandambili ya Bibi ikakatika.

"Bibi, hii adabu itatuua," akasema Kidawa.

"Nyamaza, mgeni anasikia," akasema Bibi, huku anahema.

Safari ya nne wakapita njia nyingine, mbele ya banda la mbuzi la Mzee Shemdoe. Mlusina, kwa mazoea tu, akasema, "Hodi!"

"Karibuuu!" wakaitika mbuzi saba kwa pamoja.

Mlusina akageuka kumtazama Bibi. Vichwa vyote vitatu.

"Umeshakaribishwa," akasema Bibi. "Utakataaje?"

Kweli, angekataaje? Mlusina akaingia, akachimbia mizizi yake kando ya banda. Mbuzi wakaanza kumla majani.

"Hi hi hi!" akacheka Mlusina. "Mnanitekenya!"

Leo wanakula majani, kesho yanaota mengine. Mbuzi wanashiba, na Mlusina anacheka mpaka anaishiwa pumzi.

Bibi na Kidawa wakarudi mikono mitupu. Bibi akakoroga saruji, Kidawa akampa tofali. Wakaziba ufa, wakasawazisha, wakapiga kofi. Pa, pa!

Kidawa akaweka sikio ukutani. Kimya. Hakuna krek hata moja.

Jioni ile Kidawa alichimba karoti moja. Ilikuwa fupi, imepinda, na ina kitu kama pua. Bibi akala nusu, Kidawa akala nusu. Kacha, kacha, tamu!

Wakapanda kitandani, miguu inawauma.

"Bibi," akasema Kidawa gizani, "zimebaki tisa."

"Basi lala, mjukuu wangu," akasema Bibi. "Karoti zinakua watu wakilala."

Kidawa akafumba macho haraka haraka, zipate kukua.