Anachokiponda Ndicho Anachokitaka

Ukumbi wa michezo uliokuwa nyuma ya stesheni ulikuwa unafungwa, na siku ya kuuza vyombo vyake watu walijaa kana kwamba vinagawiwa bure. Wengi hawakuja kununua. Walikuja kutazama wenzao wakinunua, kazi isiyohitaji akili wala nauli. Katikati ya zogo hilo alisimama mwanamume aliyevaa suruali nyeupe iliyopigwa pasi mpaka mstari wake ungekata mkate, viatu vya ncha kali, na miwani myeusi aliyoiweka juu ya paji la uso, mahali ambapo miwani haiyafai macho kitu.

Walimwita Usiguse. Jina hilo alilipata kwa karatasi aliyoibandika kwenye mlango wa sebule yake, imeandikwa USIGUSE kwa wino mwekundu. Humo sebuleni mlikuwa na mashine kumi na moja za pinboli: yale masanduku marefu ya miguu minne, yenye kioo juu, ambamo gololi ya chuma hufyatuliwa ikagonga taa na kengele, na mchezaji akaizuia isitumbukie kwa vibao viwili vidogo. Mashine kumi na moja, na hata moja hajawahi kuicheza. Akisikia kuna nyingine katika mji wa mbali, huendesha pikapu kutwa nzima akala vumbi, akaileta, akaifuta, akafunga mlango. Wapo wanaume wanaodhani kumiliki kitu ni sawa na kukijua. Huyu alikuwa mwenyekiti wao.

"Hii takataka," alikuwa akisema, huku akiupiga teke dogo mguu wa mashine iliyokuwa pembeni. "Taa zimekufa, mbao zimeoza. Nikiichukua nitakuwa nimekusaidia kufagia ukumbi."

Mwenye ukumbi alianza kunywea. Hapo sauti ikatoka chini ya mashine.

"Zimeoza mbao, au yameoza macho yako?"

Ilitangulia miguu, ikafuata ovaroli ya bluu, kisha kitambaa chekundu kichwani na hereni mbili ndogo za dhahabu. Mwanamke akasimama, bisibisi mkononi. Kucha zake zilipakwa rangi ya zambarau na hata moja haikuwa imekwaruzika. Alikuwa fundi, ameitwa kuwasha mashine ili wanunuzi waione, na watu walimwita Fundi basi, kama vile mjini hakuna mwingine.

Akabonyeza swichi. Mashine ikawaka yote, ikapiga kengele. Fundi akaifyatua gololi, akacheza bila kuitazama. Alikuwa anamtazama Usiguse.

"Endelea, bwana mkubwa. Ulikuwa unasema imekufa."

Watu waliangua kicheko. Usiguse akalipa bei ileile iliyotajwa, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu azaliwe, na moyo ukawa unamdunda. Mwenyewe alidhani ni hasira.

Mashine ya pinboli haipakiwi hivi hivi. Kichwa chake, kile kibao cha nyuma chenye picha, hulazwa, miguu hufunguliwa, na kabla ya yote, gololi hutolewa. Ikisahauliwa ndani, kila shimo la barabara huirusha, na ukifika nyumbani unakuta imevunja kila taa. Fundi alizamisha mkono, akaitoa, akaitia mfukoni mwa ovaroli.

"Gololi husafiri mbele, kwa dereva," alisema.

"Na aliyeishika?"

"Na yeye anasafiri mbele. Nishushe njia panda, na usiendeshe kama umeiba."

Hakumshusha njia panda. Alimfikisha mpaka mlangoni kwake, na njia nzima Fundi alimcheka: viatu, miwani, namna alivyosimamisha gari kila baada ya muda kwenda kukagua kamba. Usiguse, ambaye hakuwa amezoea kuchekwa na mtu aliye karibu, alijikuta akiendesha polepole ili safari isiishe.

Baada ya hapo wakawa wanasafiri pamoja. Yeye alikuwa na pikapu na tamaa, Fundi alikuwa na akili. Walikwenda miji ya siku moja na miji ya siku mbili, wakaingia kwenye maghala, vyumba vya nyuma vya vinyozi, shule iliyokwisha kufungwa. Kila mahali Usiguse alifanya yaleyale: akiiona mashine, uso unakunjamana kama mtu aliyenusa samaki wa juzi, kisha anaanza kuiponda.

"Kwa nini unaponda kila unachokitaka?" Fundi alimwuliza siku moja, miguu yake ameiweka juu ya dashibodi, anamenya chungwa.

"Muuzaji akijua unakitaka, amekushika pua."

"Kwa hiyo ukisema kitu kibovu, unakipenda?"

"Nikisema kibovu sana."

"Na ukikipenda kupita kiasi?"

"Nasema sikichukui hata kwa kupewa."

Fundi akamtilia kipande cha chungwa mdomoni. "Basi wewe ni mgonjwa, mpenzi."

Ndiyo mara ya kwanza alimwita hivyo. Gari lilitaka kuingia mtaroni.

Siku ambazo hawakusafiri, simu ya Fundi ililia kila mchana.

"Umekula?"

"Nimekula. Na wewe, mla vumbi?"

"Sauti yako inanishibisha."

"Muongo mkubwa. Kaongee na mashine zako, hizo haziwezi kukukatia simu." Na akaikata, kisha akaipiga mwenyewe, wakacheka wote wawili kama watoto waliofungiwa jikoni na sukari.

Usiguse alikuwa amependa. Alipenda hata akafanya jambo ambalo jirani zake walilisimulia wiki nzima: alizitoa mashine mbili sebuleni, akazipeleka barazani, akazifunika turubai. Nafasi iliyobaki aliipima kwa futi, akaleta meza ya kazi yenye droo sita na taa ya kuinama, ili Fundi awe na mahali pake. Hakumwambia. Kumwambia kungekuwa kutaja bei kwanza, na yeye hakuwahi kutaja bei kwanza.

Walikuwa wanarudi kutoka safari ya siku mbili, mashine imelala nyuma, wakasimama kwenye kituo cha mafuta. Fundi alikwenda kununua maji. Simu ya Usiguse ikalia. Alikuwa dada yake mkubwa, mwanamke aliyemlea na ambaye tangu hapo hakuona sababu ya kuacha.

"Wewe mtoto, kuna mwanamke anaonekana kwenye gari lako. Nani huyo?"

Alichotakiwa kusema kilikuwa maneno matatu. Lakini ulimi una mazoea kama punda: ukizoea njia, hautazami kama daraja bado lipo. Dada aliuliza "nani huyo," na yeye akasikia kama muuzaji anauliza "unaionaje."

"Nani, yule? Ni fundi tu. Mikono masizi matupu, mdomo kama msumeno. Nani atamtaka yule? Mimi simchukui hata kwa kupewa."

Alipogeuka, Fundi alikuwa amesimama nyuma ya gari, chupa mbili za maji mikononi. Aliziweka juu ya boneti, taratibu, zikiwa zimenyooka. Akachukua mfuko wake wa vifaa.

"Fundi! Ngoja, unakwenda wapi?"

"Kumtafuta atakayenichukua kwa kupewa."

"Hukunielewa. Mimi nikiponda kitu..."

"Naijua hadithi hiyo. Unaponda mbele ya muuzaji. Pale alikuwepo muuzaji gani? Mimi nauzwa na nani?"

Basi lilikuwa linaondoka. Akapanda. Mwanamume mwenye damu angelikimbilia. Usiguse aliangalia nyuma ya pikapu, akaona fundo moja la kamba limelegea, akabaki kulinda turubai.

Kesho yake alipiga simu. Alikuwa amejizoeza msamaha mbele ya kioo, lakini Fundi alipopokea, kiburi kikaingia kwanza na kujikalia kitini.

"Umeondoka na gololi yangu."

"Nunua nyingine," alisema Fundi, akakata.

Na kweli gololi ya chuma si yakuti. Inauzwa popote. Usiguse hakununua. Mashine mpya ilisimama sebuleni imewaka taa zote, haina gololi, na ile meza ya droo sita karibu yake haina mtu. Kila asubuhi alivifuta vumbi vyote viwili. Wiki tatu zikapita.

Fundi naye hakuwa anacheka. Alifanya kazi kwa hasira, na kazi ya hasira, alikuja kujua, humaliza fyuzi nyingi. Siku moja akiwa mji wa mbali, anatengeneza friji la nyumba moja ya wageni, simu yake ililia kwa namba asiyoijua.

"Wewe ndiye fundi?" sauti ya mwanamke mzima. "Mimi ni dada yake huyo mpumbavu. Nimekuja kumtembelea, nimekuta mashine mbili barazani zinanyeshewa, na sebuleni kuna meza ya ufundi. Namwuliza ya nani, anasema ya mtu ambaye hamchukui hata kwa kupewa, na machozi yanamtoka. Mwanangu, mmefanyiana nini?"

Fundi alikaa juu ya sanduku lake la vifaa. "Meza ina droo ngapi?"

"Nihesabu droo mimi? Sita. Na taa."

Fundi akaagana naye. Kisha akatupa macho ng'ambo ya chumba cha kulia, kwenye sanduku refu la miguu minne lililotandikwa kitambaa cha meza, limejaa chupa za chai. Tangu asubuhi alikuwa ameshakiinua kitambaa kile mara mbili ili aamini. Juu ya kibao cha nyuma alichorwa mwanamke amekaa juu ya nyota yenye mkia. Ilikuwa Mpanda Nyota, mashine ambayo Usiguse aliitafuta kwa miaka sita na kuitaja hata usingizini.

Akampigia. "Mpanda Nyota iko hapa nilipo. Njoo uinunue mwenyewe. Mimi sitasema neno. Mimi ni fundi tu."

Alifika kesho yake adhuhuri. Suruali nyeupe ilikuwa imekuwa rangi ya barabara, na miwani aliisahau nyumbani. Mwenye nyumba ya wageni, mjane mnene aliyevaa gauni la maua na viatu vya mpira, alimpokea, akainua pembe ya kitambaa, akamwonyesha.

"Nasikia unanunua masanduku ya gololi, baba. Hili unalionaje?"

Usiguse alilitazama. Rangi ilikuwa haijabanduka, kioo hakina ufa. Mjane hakuwa na habari kabisa. Neno moja la dharau, na Mpanda Nyota ingekuwa kwenye pikapu kabla chai haijapoa. Uso wake ulianza kukunjamana wenyewe.

"Hii takata..."

Karibu na dirisha Fundi alikuwa anajifuta mikono kwa kitambaa. Hakumkonyeza, hakumsaidia. Alikuwa anasikiliza kama mtu anayesikiliza mashine aliyoitengeneza, kujua kama imepona.

Usiguse akaukunjua uso.

"Bibi," alisema, "hii ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona. Nimeitafuta miaka sita. Nikikwambia ni mbovu, nitakuwa nakuibia. Na huyo aliyesimama dirishani nilimponda hivyo hivyo kwa dada yangu, kwa sababu namtaka kuliko hii, na nilikuwa mwoga wa kusema. Hana kasoro. Mwenye kasoro ni mimi."

Mjane aliwatazama wote wawili, kisha akaitazama meza yake ya chai.

"Nzuri hivyo?"

"Hivyo, bibi."

"Kumbe! Marehemu mume wangu aliniambia ni kopo tupu. Miaka ishirini nimeiwekea chupa za chai." Akaanza kuziondoa, mbili mbili. "Basi siuzi. Fundi, hebu iwashe."

Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. Akazamisha mkono ndani ya mashine, akatafuta, akautoa mtupu.

"Haina gololi," alisema. Akaingiza mkono mfukoni mwa ovaroli, akaitoa moja iliyong'aa kwa kusuguliwa na vidole wiki tatu, akaitumbukiza.

"Hiyo gololi yangu," alisema Usiguse.

"Nunua nyingine."

Mjane akasisitiza mgeni acheze kwanza. Usiguse, mwenye sebule iliyojaa mashine, akavuta, akaachia. Gololi ilipanda, ikagonga taa moja, ikashuka katikati, ikapotea kabla hajakumbuka vibao viko wapi.

"Na huyu ndiye anayezikusanya?" mjane aliuliza.

"Ndiye," alisema Fundi. "Mvumilie, bibi. Atajifunza."

Waliondoka alfajiri iliyofuata, pikapu tupu, hakuna kamba ya kukaguliwa. Njiani Usiguse alimpigia dada yake, akaiweka simu juu ya dashibodi ili wote wasikie.

"Dada, ulipouliza yule mwanamke ni nani, nilisema uongo. Ana akili kunizidi, ni mzuri, na mdomo wake nauhitaji."

"Hayo nilikwisha kuyajua," alisema dada. "Nilikuwa nangoja uyajue wewe. Njooni, mashine zako zimelowa."

Usiguse akaweka simu chini. "Fundi, nataka kukuuliza neno."

"Usiulize. Mlangoni kwako kuna karatasi."

"Nitaibandua."

"Basi neno lako lingoje huko."

Walifika alasiri. Aliibandua kwa kucha, na gundi ya miaka mingi ikatoka na rangi ya mlango. Fundi akaingia, akaipita meza ya droo sita akijifanya hajaiona, akaenda kwenye mashine ya karibu, akaweka viganja vyote viwili juu ya kioo kilichokuwa kinameta. Alipoviondoa, alama kumi za vidole zilibaki, pamoja na masizi. Usiguse alikuwa na leso mfukoni. Mkono ulifika mpaka kwenye leso, ukarudi mtupu.

"Sasa uliza," alisema Fundi.

Akauliza.