Chupa ya Maji ya Bi Batuli

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyumbani kwa Bi Batuli, Somanga, methali hiyo ilipinduka: mgeni njoo, uugue. Waliokunywa maji ya kisima chake waliondoka wameshika tumbo. Mjukuu wake mdogo, Abilahi, aliharisha mpaka macho yakazama.

Binti yake, Mboni, anafanya kazi katika maabara ya afya ya jamii, Lindi. Kazi yake ni kupima maji kabla hayajaua watu. Alimpa mama yake chupa safi ya maabara, akamwomba aijaze maji ya kisima. Chupa ikaja kwa basi. Mboni akapima. Hakuona kijidudu hata kimoja.

"Haiwezekani!" Akafunga safari kwenda nyumbani.

"Shikamoo, mama. Yale maji uliyachota vipi?"

"Marahaba, mwanangu. Nilichota, nikayachuja kwa kanga mpya, nikayachemsha mpaka yakatokota." Bi Batuli alijaa fahari. "Ningepeleka maji machafu ofisini kwa watu? Waseme mama yake Mboni mchafu?"

"Na nyinyi mnakunywa yaliyochemshwa?"

"Aka! Sisi ni watu wa ofisini?"

Mboni alicheka. Alipomtazama Abilahi, kicheko kikakatika.

"Mama, sampuli ni shahidi. Wewe umemwogesha, ukampaka marashi, ukamfundisha uongo. Sisi tunamtaka aje na tope lake. Sasa mtoto apelekwe zahanati, leo hii."

Akanawa mikono kwa sabuni. Akajaza chupa nyingine maji ya kisimani bila kugusa mdomo wa chupa, akaiweka kwenye boksi la barafu, akaiwahisha Lindi. Kesho yake, vidoa vilikuwa vimeota kwenye kisahani cha kupimia: vijidudu vya kinyesi. Choo kilikuwa juu ya mteremko, kisima chini yake.

Mboni alirudi, akawaita majirani.

"Msinywe maji haya mabichi. Chemsheni, au tieni dawa ya klorini. Na tuchimbe kisima kingine, juu, mbali na choo."

Bi Batuli alimkatiza kwa hasira. "Kisima cha sadaka ya marehemu baba yako! Unakitangaza kwa kijiji kizima? Niombe radhi!"

Mboni akaenda na majirani kutafuta mahali pa kuchimba.

Mvua zilipopita, kisima kipya kilikuwa tayari, kina mfuniko. Matumbo yakatulia. Abilahi alinenepa, akawa anafukuza majogoo uani. Majirani walimtania Bi Batuli kwa jina la "Mama Maabara", naye akaitika. Lakini jambo lake hakulisahau.

"Mboni, bado hujaniomba radhi."

"Kwa mengine yote nakuomba radhi, mama, hata ya utotoni. Kwa kisima, siombi. Si leo, wala kesho."