Mjane Aliyekataa Wembe

Mafuta ya taa yalibaki kidole kimoja kwenye chupa, na mama hakutaka msiba ulale gizani. Akanituma duka la kijiji kabla halijafungwa. Jua lilikuwa linazama upande wa Musoma. Nilipofika kwenye zizi nikamkuta Wankyo, mke wa marehemu kaka yangu, kajifunika khanga juu ya wigi lake, kifurushi kwapani.

"Wifi, tuongozane," akanong'ona.

Mjane hatoki nje kabla hajanyolewa. Kwetu hilo hata mtoto anayeota meno analijua. Alfajiri ya kesho yake Bibi Kwangu, mnyoaji wa wajane, alikuwa aje na wembe, amnyoe Wankyo kichwa chote, nywele zifukiwe kaburini na ndoa iishe. Asiponyolewa, bado ni mke. Na mume humfuata mkewe popote alipo.

Niseme ukweli, sikuwahi kumpenda sana Wankyo. Alikuwa mpiga taipu wa ofisi moja Musoma, wigi jeusi linang'aa, shingo juu. Nilimwita Bibi Serikali, na hakucheka hata siku moja. Lakini kaka yangu Thadeo alimpenda, na Thadeo alikuwa amekufa vibaya. Wezi wa ng'ombe walimpasua kichwa kwa panga mlangoni mwa zizi lake, wakaondoka na ng'ombe wote, hata dume lenye kengele. Tulimzika kichwa kimefungwa shuka jeupe ili kisiachane. Mama mwenyewe alilishona, kwa uzi mwekundu, kwa sababu ndio uliokuwepo nyumbani.

Basi nikamhurumia mjane wake. Tukaondoka.

Tulipofika barabara ya Bunda, Wankyo hakukata kona ya kwenda dukani. Akasema anangoja lori la pamba, anarudi Musoma jioni ileile. Nikamshika mkono nikamuuliza kama amerogwa. Anataka marehemu amfuate mpaka ofisini?

Ndipo akalia, akaniambia. Utotoni mapunye yalikula kichwa chake, kisha dawa ya mganga ikaunguza kilichobaki. Hakuwa na unywele hata mmoja. Shuleni walimwita Kibuyu, wakimpiga makofi utosini wasikie kinavyolia. Siku aliyovaa wigi ndiyo siku aliyomtazama mtu usoni kwa mara ya kwanza. Miaka mitatu ya ndoa, Thadeo hakuwahi kukiona kichwa kile. Alilala na kitambaa, taa imezimwa.

"Heri nife," akasema. "Wembe hautakuta kitu cha kunyoa, Nyamburi. Watacheka. Msibani kwa mume wangu, watacheka."

Nilitaka kumwambia hakuna atakayecheka. Lakini watu wa kwetu nawajua, na mdomo wangu mwenyewe ulikuwa umeanza kunicheza kwa kicheko.

Tukasikia kengele.

Ko... ko... ko...

Ilitoka ndani ya shamba la pamba. Nilifurahi, nikadhani dume letu limewatoroka wezi. Kisha harufu ikafika. Damu iliyooza... na udongo mbichi.

Bua la pamba likavunjika. Jingine. Jingine tena, karibu zaidi.

Akatokea mtu mrefu, kichwa kimefungwa shuka jeupe.

Limeshonwa kwa uzi mwekundu.

Chupa ilinidondoka. Alinipita karibu mpaka ubaridi wake ukanigusa shavu, akasimama mbele ya Wankyo. Sauti ilitoka ndani ya shuka, ileile ya Thadeo, ya kukwaruza.

"Wankyo. Nionyeshe."

Wankyo akarudi nyuma, mikono miwili kichwani. Yule mtu akaingiza vidole chini ya shuka, akavuta. Nyuzi zikakatika moja moja. Shuka lilipolegea, kichwa cha kaka yangu kikafunguka katikati, mpaka puani.

"Mimi ndiye huyu," akasema. "Sasa wewe."

Akalishika wigi, akavuta. Wankyo akaanguka. Akaburutwa barabarani, changarawe zikimchana magoti, naye kalishikilia. Pini alizolibania zilimchimba ngozi, damu ikamshuka masikioni. Nikapiga kelele avue, avue tu amwache. Hakuvua. Alimng'ata mkono mpaka nikasikia mfupa.

Thadeo akaacha kuvuta. Akachuchumaa mbele yake, vile alivyochuchumaa akikamua.

"Nilijuaga," akasema taratibu. "Tangu mwaka wa kwanza. Ukilalaga kitambaa kinatoka, nakurudishia. Nilikuwaga nangoja unionyeshe mwenyewe."

Nililia. Kaka yangu hakuja kwa ubaya, na nilidhani yameisha. Ilibaki Wankyo afungue tu kile kichwa, aangaliwe, kila mtu aende kwake.

Wankyo akamtazama, akajiinua kwa magoti.

"Kumbe ulikuwaga unanicheka," akasema.

Akaokota jiwe.

Alimpiga palepale palipopasuka. Akapiga tena. Sauti ilikuwa ya boga linalopasuliwa, kisha ikawa ya matope. Kitu cha moto kikanirukia mdomoni, na maiti ya siku tano haina damu ya moto. Nilimshika mabega, akanitupa mtaroni. Thadeo hakujikinga. Aliinua mkono mmoja tu, akaliweka sawa wigi la mkewe lililokuwa limekaa upande.

Wankyo akaupiga ule mkono pia.

Taa za lori zikatumulika. Barabarani palikuwa na shuka lenye uzi mwekundu, na mwanamke analiponda kwa jiwe. Mtu hakuwepo. Lori liliposimama, Wankyo akainuka. Akajifuta uso kwa khanga, akalikaza wigi, shingo ikapanda juu. Akamwamkia dereva kwa adabu, akamwambia ameanguka kidogo. Akatabasamu. Meno yalikuwa na damu.

Akapanda, wakaondoka.

Shuka nililibeba mimi mpaka nyumbani. Mama aliitambua mishono yake, akazimia. Wanaume walikwenda kaburini na mapanga wakakuta udongo haujaguswa. Wengine wakasema ni wezi walituvamia, wengine wakasema Wankyo ni mchawi aliyemtoa mumewe amtumikie. Bibi Kwangu aliniuliza mambo mawili matatu, kisha akaufunga wembe wake kwenye kitambaa.

"Thadeo harudi tena," akasema. "Alimfuata mkewe, na mkewe amemuua."

Hakurudi kweli. Na Wankyo bado anapiga taipu Musoma, nasikia, na anawatazama watu usoni.

Mimi nami niliolewa na Masatu, mtu mpole wa kule Kiriba. Nina kovu la moto toka kifuani mpaka kitovuni, uji ulinimwagikia nikiwa msichana, na hajawahi kuliona. Huwa najifunika kabla hajaingia. Ila kuna asubuhi naamka nikakuta khanga imenikaa vizuri kuliko nilivyoivaa, ncha zimechomekwa kwa uangalifu pande zote mbili. Yeye anakunywa chai, ananiuliza kama nimelala salama.

Simuulizi kitu. Jiwe tulilokuwa tukizuilia mlango wa chumbani, nimekwenda kulitupa ziwani, lisije likanikaa mkononi.