Mchi wa Pili

Fulana ilimkumbatia Sekunda Ngonyani polepole, kama mtu anayemfunika mgonjwa asimwamshe. Ilianza kiunoni, ikapanda mbavuni, ikamalizia mabegani. Ilikuwa ya kijivu, nyepesi kuliko kanga, lakini ndani yake zilipita nyuzi-hisi elfu tisa, kila uzi mwembamba kama utando wa buibui. Nyuzi hizo zilisoma misuli. Zilijua bega linataka kwenda wapi kabla bega lenyewe halijaenda, kisha zikasukuma upande wa pili, kidogokidogo, mpaka mwili ukachoka kubishana.

Watu wa Songea ya miaka hiyo waliiita fulana-tulizo. Aliyeitengeneza ni fundi Desderia Haule, mwanamke mpole wa maneno machache, na karakana yake ilikuwa chini kabisa ya lile jengo refu walimohamishiwa watu wa mlimani. Mlima wao ulikuwa umeporomoka wakati wa masika, na walionusurika walikuja mjini na hofu mwilini. Kuna aliyeshindwa kugeuza shingo. Kuna aliyeruka kila bomba lilipofunguliwa. Fulana ile iliwasaidia watu arobaini, wakashukuru, wakalala usingizi.

"Akili unaweza kuidanganya kwa maneno," Desderia alizoea kusema. "Mwili hapana. Mwili uufuate ulipo."

Basi zamu ikawa ya Sekunda. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na tangu kuzaliwa maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Kijijini hakuna aliyemwita mgonjwa. Akifurahi aliyumba, akichukia aliyumba kwa namna nyingine, na nyumbani walimwelewa. Mlima ulipomchukua Oliva, mama yake, Sekunda alihamia ghorofa ya kumi na nne kwa mama yake mdogo, Adelgunda. Humo akawa anayumba kuanzia chakula cha mchana mpaka jua linazama, kisigino kikipiga sakafu.

Chini yao aliishi mzee Kapinga, mwenyekiti wa baraza la jengo.

"Mama Adelgunda, huko juu unafuga nini?" aliuliza mbele ya watu. "Ng'ombe anajifunza ngoma?"

"Angekuwa ng'ombe ungeshapanda kuomba maziwa," Adelgunda alimjibu.

Watu walicheka, lakini baraza halikucheka. Lilitoa siku saba. Cheti cha fundi kisiposema ametulia, Sekunda angepelekwa Nyumba ya Kimya, ng'ambo ya mto, ambako ndugu huruhusiwa kuja mara moja kwa mwezi.

Desderia alisoma alichoandika mwili wa Sekunda kwenye kioo cha mashine yake, akaona kitu cha ajabu. Bega lilishuka kwa nguvu, kisha likakaa. Likashuka, likakaa. Yale mapengo yalikuwa sawasawa kila mara. Desderia alikulia mjini, unga wake ulitoka kwenye pakiti. Akaamua kwamba pale kwenye pengo ndipo hofu ilipokwama, maana bega lilikaza hata likiwa limesimama. Akaiamuru fulana ilegeze papo hapo.

Siku ya tano Sekunda alitulia. Kisigino kikanyamaza. Mzee Kapinga akapandisha sahani ya viazi vitamu kwa furaha. Lakini Sekunda hakula viazi, wala ugali. Alikaa akitazama mikono yake kama mtu aliyeazimwa vitu vya watu.

"Fundi," Adelgunda aliuliza, "huyu ametulia, au ametoka?"

Desderia alikagua nyuzi za fulana, zote zilikuwa nzima. Siku ya sita alipanda ghorofa ya kumi na nne, akamvua Sekunda ile fulana ili ifuliwe, akaitundika msumarini sebuleni, akakaa mezani kuandika cheti. Aliandika jina la Sekunda. Aliandika tarehe.

Nyuma yake fulana ilianza kutikisika.

Hakushtuka kwanza. Fulana iliyojifunza mengi hurudia iliyoyajifunza ili iyahifadhi, na mafundi waliiita hali hiyo kucheua. Bega tupu la kitambaa liliinuka, likashuka, likagonga ukuta. Puu. Halafu bega la pili. Puu. La kwanza, la pili, bila kukosana.

Adelgunda akatoka jikoni, mwiko mkononi.

"Nani anatwanga?"

"Hakuna anayetwanga, mama. Ni fulana."

"Usinifundishe kinu, mwanangu." Alikuwa ameganda mlangoni. "Hao ni watu wawili, kinu kimoja. Mmoja akishusha, mwenzake ameinua. Ukiingia nafasi isiyo yako michi inagongana, unavunjika kidole. Ndiyo maana mwili unajifunza kumsubiri mwenzako. Huyu mzito ni Sekunda. Na huyu..."

Ukuta ukasikika *ti*, pigo dogo, jepesi.

Mwiko ukaanguka.

"Ni dada Oliva," Adelgunda alinong'ona. "Kila baada ya saba hugonga ukingo, kukung'uta unga. Mama yetu alimkanya mpaka akachoka kwamba anaharibu kinu. Desderia, nani kaiambia fulana yako habari hiyo?"

Fulana haikuwahi kumjua Oliva. Fundi akafungua kumbukumbu zake, akatafuta uzi kwa uzi, na alichokikuta hakikuwa jini. Ndani ya kila pengo, bega la Sekunda lilikuwa limejikaza kidogo, likijiandaa kupokea mtikiso wa mchi wa mwenzake. Miaka ishirini ya mapigo ya mama ilikuwa imelala mle ndani ya nyama, hata lile la ukingoni. Na pale ndipo alipoiamuru fulana ilegeze.

"Nilidhani namtoa hofu," alisema. "Nimemtoa mama yake."

"Basi mrudishie."

"Fulana inajua kuchukua tu, mama. Kurudisha sikuifundisha."

Adelgunda alikwenda pembeni, akaondoa chungu cha maua juu ya kinu walichookoa kwenye tope, akakiburuta mpaka katikati ya sebule. Akamimina mahindi makavu. Akampa Sekunda mchi.

Sekunda alitwanga. Alitwanga mfululizo, bila pengo lolote, kama mtu ambaye hajawahi kuwa na mwenzake, na Adelgunda alifunika uso asione. Ukutani fulana iliendelea kucheua. Sekunda aligeuka, akaitazama. Bega la kwanza. Bega la pili. Akainua mchi, akaushusha, akasubiri. Akaushusha, akasubiri. Shingo yake ikaanza kuyumba.

Adelgunda, machozi yakimtoka, akachukua mchi mwingine ili aingie kwenye pengo. Sekunda akamshika mkono.

"Bado," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu masika.

Mlango ukagongwa. Desderia akafungua, na mzee Kapinga alikuwa amesimama akihema.

"Fundi! Si ulisema ametulia?"

"Hajatulia, mzee wangu. Na asitulizwe. Ndivyo cheti kitakavyosema."

"Nitawaita wa Nyumba ya Kimya leo hii! Dari yangu—"

"Kesho Sekunda na mama yake mdogo watahamia karakana yangu. Chini yake hakuna mtu, kuna udongo tu. Mimi nitachukua chumba hiki, na nyayo zangu hutazisikia."

Macho ya Kapinga yalikuwa yameshafika kwenye kinu. Naye alizaliwa mlimani. Alivua kofia taratibu.

Desderia akanyoosha mkono, akaizima fulana. Sebule ikabaki na mchi mmoja. Puu. Pengo. Puu. Pengo. Katika kila pengo fundi alisikia bega lake mwenyewe likikaza, likijiandaa kupokea kitu.

Sekunda alishusha pigo la saba. Akainua uso, mchi ukiwa hewani, na wote wanne wakasubiri ukingo ugongwe.