Dakika Tano za Kinyozi

Nyumba ya Mama Mapacha ilikuwa na kelele tatu: cherehani yake, mabinti zake wawili wakibishana, na kucha za mbwa sakafuni. Mbwa huyo aliitwa Kimbunga, na jina hakupewa bure. Akiona kuku, anakimbia. Akiona jani linapeperuka, anakimbia. Hata asipoona kitu anakimbia, asije akapitwa.

Siku moja, katika kukimbia kwake, akakutana na pikipiki. Paja la nyuma likavunjika. Daktari wa mifugo alimpasua, akauunga mfupa kwa kipande cha chuma na skrubu sita. Kisha akawaita baba na mama, akawaambia bila kuzunguka:

"Wiki nane apumzike. Asikimbie, asiruke, asipande ngazi. Mtoeni kwa kamba fupi, kwa haja tu. Dakika tano, kisha ndani. Mfupa ukiachia tena, huenda nikalazimika kuukata mguu."

Mapacha waliposikia habari ya kukata mguu wakaangua kilio. Baba yao akawapigapiga mabegani.

"Dakika tano, daktari," akasema. "Hiyo kazi ndogo."

Kazi ndogo! Mama Mapacha alimtazama mumewe, asimwamini. Maana Baba Mapacha alikuwa kinyozi, na mtaa mzima ulimwita Dakika Tano. Mteja akiuliza zamu yake lini, jibu ni dakika tano. Akiitwa kula, dakika tano. Hata siku mapacha wanazaliwa alimwambia mkewe, "Tangulia, nakuja, dakika tano." Alipofika, watoto walikuwa wameshaoshwa, wamevikwa, na wamelala.

Siku za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Kimbunga alikuwa na maumivu, akalala tu. Alivaa koni ya plastiki shingoni ili asirambe kidonda. Lakini siku ya kumi na mbili nyuzi zilitolewa, akaanza kuukanyaga mguu. Hapo ndipo vurugu lilipoanza. Alilia mlangoni asubuhi, akalia mchana.

"Jamani, tumemfungia kama mwizi," Baba Mapacha akalalamika. "Mwone anavyotembea. Huyu amepona."

"Daktari alisema wiki nane."

"Madaktari wanapenda kuzidisha."

"Haya, endelea," mkewe akamjibu. "Mchelea mwana kulia hulia yeye."

Jumamosi moja Mama Mapacha alikuwa anamalizia sare za shule. Sketi kumi na moja zilimsubiri mezani. Akamwambia mumewe, "Mtoe mbwa akajisaidie. Dakika tano."

"Dakika tano," mumewe akajibu. Akachukua kamba, wakatoka.

Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi kamili. Mama Mapacha akashona sketi moja. Akatazama saa: kumi na robo. Akashona ya pili: kumi na nusu. Hasira zikampanda. Akakanyaga cherehani kwa nguvu mpaka uzi ukakatika. Akaunga uzi, ukakatika tena.

Saa kumi na dakika arobaini mlango ukafunguliwa. Kimbunga akaingia ulimi nje, mwenye furaha zake. Alikuwa akitembea kwa miguu mitatu. Mguu wa nne aliuning'iniza, haugusi chini.

Mama Mapacha akasimama. "Mlikuwa wapi?"

"Hapo tu, kwenye baraza ya kibanda changu."

"Mkifanya nini?"

"Wenzangu walikuwa wanacheza drafti. Nikasema nitazame mchezo mmoja tu. Nikamfunga kwa kamba ndefu, apate hewa. Sasa paka akapita..."

"Kamba ndefu!"

"Karuka kidogo tu, mke wangu. Benchi lenyewe fupi."

"Lo! Mbwa ana chuma pajani, wewe unamrusha benchi! Nilikwambia dakika ngapi?"

"Si dakika tano? Nimekwenda dakika tano tu."

"Arobaini! Saa hiyo hapo ukutani, isome! Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini nyumba hii ni kinyume. Asiyesikia ni wewe, guu linalovunjika ni la mbwa! Yeye kakosa nini?"

Baba Mapacha akatoka, akarudi na kidonge cha maumivu ya kichwa na kikombe cha maji. "Nimpe nusu, maumivu yapungue."

Bahati nzuri mapacha walikuwa wameshakimbia kumwita jirani. Jirani huyo alikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo, na mtaa ulimwita Dada Bendeji. Aliingia wakati kidonge kiko mkononi.

"Weka chini hiyo, shemeji!" akasema kwa ukali. "Dawa ya kichwa chako inaweza kumuua mbwa. Mbwa hapewi dawa ya watu. Anapewa aliyoandikiwa, kwa kipimo alichoandikiwa, basi."

Baba Mapacha akakificha kidonge mfukoni kama mtoto aliyeiba sukari.

Dada Bendeji akapiga magoti. Akautazama mguu bila kuubonyeza. Ulikuwa umevimba. "Leo hii anakwenda kwa daktari," akasema. "Si kesho."

Wakamlaza juu ya ubao, wakambeba. Eksirei ikapigwa. Mama Mapacha alisubiri nje, kashika mkono wa binti huku na huku. Alihofia akifungua kinywa atamtukana mtu mbele ya watoto.

Daktari alitoka na picha mkononi. Chuma kilikuwa mahali pake. Lakini skrubu moja ilikuwa imeanza kulegea.

"Mmeponea chupuchupu," akasema. "Wiki nane zinaanza upya leo. Mkirudia, sitakuwa na la kufanya."

Waliporudi nyumbani, Baba Mapacha akauliza kwa sauti ndogo, "Lakini Dada Bendeji, mbona alikuwa anatembea vizuri? Mimi nilidhani amepona."

"Alikuwa na nafuu, shemeji. Nafuu si kupona." Akaichukua sketi moja mezani. Ilikuwa imeshikwa kwa bandi, zile nyuzi za muda kabla ya kushona. "Dada, mtoto akiivaa hii akaruka kamba, itakuwaje?"

"Itafumuka yote," akajibu Mama Mapacha. "Bandi ni ya kushikilia tu."

"Basi chuma ni bandi. Kinaushikilia mfupa mpaka mfupa ujishone wenyewe. Ngozi hufunga kwa siku chache, ndiyo mnayoiona. Mfupa unataka wiki nyingi, na huo hamuuoni. Mbwa naye hajui. Maumivu yakipungua, anaona ni ruhusa ya kukimbia."

"Sasa tutamtulizaje?" Mama Mapacha akauliza. "Huyu hawezi kukaa."

"Atakaa, mkimpa kazi. Mbwa mwenye nguvu akikosa kazi, anabomoa nyumba. Msimpe chakula chote bakulini. Kifungeni kidogo kidogo kwenye vitambaa, afungue mwenyewe. Kichwa kikichoka, na mwili unatulia. Na chakula chenyewe mkipunguze, maana hakimbii tena. Akinenepa, mguu ndio unaobeba. Mkiona bado anahangaika, daktari anaweza kumwandikia dawa ya kumtuliza. Msijiamulie wenyewe."

Kesho yake nyumba ikageuka. Baba Mapacha alipigilia mbao kando ya cherehani, akapata kizimba cha kumtosha mbwa kusimama, kugeuka na kulala. Asiweze kuruka. Mapacha walitandika mazulia chakavu sakafuni, asiteleze. Mama yao alishona mkanda mpana kwa masalio ya jinzi. Mkanda ulipita chini ya tumbo, na mtu akaushika kwa juu wakati mbwa anatembea. Kila asubuhi waliutazama mguu: una wekundu, unatoa usaha, umevimba, una joto kuliko jana? Wakiona kimojawapo, wampigie daktari.

Kimbunga akapata kazi ya kufungua vitambaa. Mapacha wakazidi kuvumbua mafundo. Mara nyingine alimaliza, akalala palepale na kitambaa mdomoni.

Ikabaki ile kazi ya dakika tano. Mama Mapacha alipanga zamu. Ya saa saba mchana ikamwangukia mumewe. Akamkabidhi saa ndogo yenye kengele.

"Hii inalia baada ya dakika tano," akamwambia. "Ikilia hamjafika mlangoni, usiku huo utalala wewe kizimbani."

Mapacha wakacheka. Mama yao hakucheka.

Siku ya tatu, saa saba ilimkuta Baba Mapacha kibandani. Alikuwa amemnyoa mwalimu mmoja nusu ya kichwa. Akaweka mashine chini.

"Unakwenda wapi?" mwalimu akashtuka.

"Kumtoa mbwa. Dakika tano."

"Dakika tano zako? Mungu wangu! Nina kikao saa nane! Nitakwenda na nusu kichwa?"

Benchi zima likaangua kicheko. Watu wakatabiri kwamba mwalimu ataoa, atazaa na kustaafu akiwa na kichwa kile kile. Baba Mapacha akashika njia. Nyumbani kulikuwa hatua ishirini tu. Mbwa akatoka na mkanda wake, akajisaidia, akarudishwa. Kengele ikalia kizimba kimeshafungwa. Kinyozi akarudi, akashika mashine.

Mwalimu akatazama saa yake. Akaipeleka sikioni kusikiliza kama inatembea.

Wiki nane zikapita hivyo. Hazikuwa rahisi. Kimbunga alilia, mapacha walinuna, na siku mbili mama mwenyewe alitamani kumfungulia, akajizuia. Siku ya siku ikafika. Eksirei ikapigwa. Daktari aliitazama juu mpaka chini.

"Mfupa umejishona," akasema daktari. "Mguu ni wenu. Sasa mwongezeeni matembezi kidogo kidogo. Wiki hii dakika kumi, bado kwa kamba. Kukimbia nitawaambia mimi."

Mapacha wakamkumbatia Kimbunga, mmoja shingoni, mmoja kiunoni. Baba yao akageukia ukutani, akajifanya kusoma tangazo la chanjo. Macho yalikuwa mekundu.

Jioni ile akachukua kamba fupi. Kimbunga akasimama kwa miguu yote minne, mkia unapiga miguu ya meza.

"Tunatoka, mke wangu," akasema kwa madaha. "Dakika kumi."

Mama Mapacha aliacha cherehani. Hasira ya Jumamosi ile haikuwa imemtoka yote, na wala hakuona sababu ya kuificha. Akachukua ile saa ndogo, akaipanga, akamtia mkononi.

"Kumi," akasema. "Kumi za saa, si za kinyozi."