Kadi ya Sauti Iliyowaka

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, Tupokigwe alifunga madirisha, akazima feni na kumfukuza paka. Hapo mama yake, Mwalimu Benedicta, aliketi mbele ya kompyuta na kusoma somo la sayansi kwenye maiki. Tupokigwe, mwanafunzi wa darasa la sita, ndiye aliyebonyeza kitufe cha kurekodi.

Masomo hayo yalikuwa ya Talha, jirani yao hapo Mtoni. Talha haoni. Kitabu chake cha sayansi cha nukta nundu kilikuwa hakijafika shuleni, na mtihani wa darasa la saba ulikuwa umebakiza wiki tatu. Kila asubuhi alipita kuchukua rekodi mpya, akaisikiliza mpaka akaishika kichwani. Zilibaki sura nne.

Ijumaa moja umeme ulikatika, kisha ukarudi kwa nguvu. Kadi ya sauti, yaani kile kisanduku kidogo kinachounganisha maiki na kompyuta, ikaungua.

Jumamosi Mama alikuwa na kikao cha wazazi. Akawatuma Tupokigwe na mjomba wake, Wilfred, Kariakoo wakanunue nyingine.

"Mjomba wako ni fundi umeme, lakini kadi hizi hazijui," Mama alisema. "Feki ni nyingi. Wewe angalia mambo mawili. Namba iliyo chini ya kadi ilingane na ya kwenye boksi. Halafu mrekodi kidogo, msikilize. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

Dukani, muuzaji aliwatolea kadi nyeusi inayong'aa. "Orijino kabisa, braza." Akaichomeka kwenye kompyuta ya duka, kama muuza balbu anavyoijaribu balbu kwenye soketi kabla mteja hajalipa. Taa ya kijani ikawaka. Muziki wa singeli ukalia mpaka wapita njia wakageuka.

"Unaona? Inawaka, inaimba. Nini tena?" alisema Mjomba Wilfred. Maisha yake yote alinunua kila kifaa kwa mtindo huo huo: kikiwaka, unalipa.

Tupokigwe aliigeuza ile kadi. Ilikuwa nyepesi kama kiberiti kilichoisha njiti, na chini hapakuwa na namba yoyote.

"Mjomba, namba haipo. Na hatujarekodi."

Muuzaji akacheka. "Huyu naye mkaguzi! Dogo, namba hizo wanaziandikaga wakijisikia."

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri wakacheka pia. "Tupo, acha kutuaibisha," Mjomba alinong'ona. Tupokigwe akainamisha kichwa, akairudisha kadi mezani. Muuzaji akaandika kwenye risiti: kadi ya sauti, orijino.

Nyumbani, Mama aliuliza, "Mmelinganisha namba? Mmerekodi?"

"Ndiyo, Mama." Jibu lilimtoka kabla hajalifikiria.

Jioni hiyo wakarekodi. Asubuhi, Talha alisikiliza, kisha akarudi mlangoni na fimbo yake.

"Shikamoo, Mwalimu. Jana ulikuwa unakaanga chapati?"

"Marahaba. Chapati gani tena?"

"Mafuta yanachemka tangu mwanzo wa somo mpaka mwisho. Kufika kwenye mmeng'enyo wa chakula, njaa ikaniuma, somo likapotea."

Mama alicheka, kisha akasikiliza mwenyewe. Kweli, sauti ilikuwa inachemka, na maneno mengine yalikatika katikati. Kwa kuwa kadi ilikuwa mpya na imekaguliwa, akaona kosa liko kwingine. Alibadilisha nyaya. Aliazima maiki ya kwaya. Alitundika blanketi dirishani. Jumanne fundi kompyuta alikuja, akafungua, akafuta vumbi, akaondoka. Mafuta yakaendelea kuchemka.

Jumatano asubuhi Talha alimkuta Tupokigwe anafagia uwanja. "Mwambie Mwalimu asihangaike. Hizo sura nne mie naziacha tu. Nikifeli sayansi, nitafaulu mengine."

Alisema huku akitabasamu, lakini vidole vyake vilikuwa vinakunja na kukunjua upindo wa shati. Tupokigwe aliacha ufagio, akaingia jikoni, ambako Mama alikuwa anachambua mchele.

"Mama, ile kadi haina namba. Na hatukurekodi dukani. Nilikudanganya."

Mama akaweka ungo chini. Hakupaza sauti.

"Mkitoka shule, usivue viatu," alisema. "Nitamwomba mama yake Talha aturuhusu twende na mwanawe. Na mjomba wako aje."

Alasiri hiyo walifika dukani wote wanne.

"Si iliwaka hapa hapa, mama?" muuzaji alisema.

"Iliwaka," Mama alijibu. "Na kwenye risiti hii umeandika orijino. Sasa tuijaribu kwa kazi tuliyoinunulia."

Tupokigwe aliichomeka bila maiki, akapandisha sauti, akarekodi ukimya wa nusu dakika. Kadi nzuri isipopewa sauti hunyamaza. Akamvalisha Talha hedifoni.

"Mafuta," alisema Talha.

Muuzaji akaleta nyingine. "Mafuta tena." Watu wakaanza kusogea. Muuzaji akapanda ngazi, akashusha boksi kutoka rafu ya juu. Kadi hii ilikuwa nzito mkononi. Tupokigwe alisoma namba ya chini yake kwa sauti, Mjomba akifuata ile ya kwenye boksi. Zililingana mpaka tarakimu ya mwisho. Wakarekodi. Talha akasikiliza, akakunja uso.

"Hujaanza tu?"

"Imeshaisha."

"Basi ni hii hii."

Mjomba akaongeza pesa iliyopungua kwenye bei ya kadi hii bila kuambiwa.

Jioni, kabla ya kuwasha maiki, Mama alimketisha Tupokigwe karibu yake.

"Muuzaji alituuzia kadi mbovu. Asubuhi yake tu Talha akausikia ubovu. Lakini wewe ulishasema ndiyo, kwa hiyo mie sikuitazama tena kadi. Nikatafuta kosa kila mahali isipokuwa pale lilipo. Siku nne za Talha zimepotelea hapo."

"Niliona haya, Mama. Walinicheka."

"Ukiona haya, njoo uniambie umeona haya. Hilo tungelimaliza Jumapili. Usiponiambia, nitalimalizaje?"

"Nisamehe, Mama."

"Nimeshakusamehe. Talha utamwomba radhi mwenyewe, kesho akija kuchukua rekodi, kabla hajaondoka." Mama akafungua kitabu. "Leo tunasoma sura mbili. Funga dirisha."