Dereva Aliyeacha Mkate

Torsten Wallin na Majken walijuana kwa sababu ya mlango wa tramu uliokaribia kuibana keki ya harusi.

Ilikuwa Novemba, saa za watu kutoka kazini. Kituo cha Brunnsparken katikati ya Gothenburg, Sweden, kilikuwa kimefurika makoti meusi, miamvuli na mabegi ya shule, na theluji nyepesi ilikuwa ikiyeyuka kabla haijagusa chini. Mwanamke mmoja mwenye koti jekundu la sufu na kofia ya kijani alikuja mbio, boksi kubwa amelikumbatia kifuani. Milango ya tramu, treni ile ya barabarani, ikaanza kujifunga. Mtu mwingine angetanguliza mguu. Yeye alitanguliza boksi.

Torsten akaifungua upesi, akachungulia kutoka chumba chake cha dereva.

"Dada, huo mlango haujui keki. Ungeikata vipande viwili."

"Halafu wewe ungekwenda kumweleza bibi harusi!"

"Bibi harusi yupi tena?"

"Mwenye keki. Ananingoja huko mbele, na pengine ameshaanza kulia."

"Basi kaa, shika vizuri. Leo naendesha kama nimebeba mayai."

Na kweli aliendesha polepole mpaka abiria wakaanza kuguna. Mwanamke aliposhuka alikuja kugonga kioo cha dereva. Alikuwa na unga kwenye nyusi na mashavu yaliyoiva kwa baridi.

"Naitwa Majken. Naoka keki kwenye mkahawa pale mtaa wa Haga. Pita siku moja nikushukuru."

"Siku gani?"

"Una haraka, ee?"

"Mimi ni dereva. Napenda kujua ratiba."

Alipita kesho yake. Akapita na keshokutwa.

Torsten alikuwa na miaka arobaini na sita, mtu mrefu, mpana, mwenye tumbo lililomtangulia kila alipoingia na kicheko kilichofuata nyuma. Mkewe alikuwa ameondoka zamani. Majken alikuwa na thelathini na tisa, hajawahi kuolewa, na mapenzi yake yote alikuwa akiyatia kwenye vitu vinavyoliwa. Majira yale ya baridi alimlisha Torsten mikate ya iliki, biskuti za tangawizi na keki za tufaha. Jioni aliegemeza kichwa kwenye lile tumbo na kulipigapiga kwa kiganja. "Hapa ndipo kazi yangu inapohifadhiwa," alisema, na Torsten akacheka mpaka kichwa cha Majken kikarukaruka.

Simu hazikukatika.

"Uko wapi, mzee wangu?"

"Mapumziko. Nakunywa kahawa, nakuwaza."

"Kipi zaidi?"

"Kahawa imeisha, kipenzi."

Mambo yaliharibika Krismasi, kwa neno moja la utani. Walikuwa mezani kwa mama yake Majken, wamezunguka paja la nguruwe na viazi vya kuoka, wakati dada mtu, Gunvor, alipomtazama Torsten akihangaika kujipenyeza kati ya meza na ukuta.

"Majken, ulikwenda kutafuta mchumba au sofa?"

Meza nzima ilicheka, na Torsten akawashinda wote kwa kicheko. Lakini alipofika kwake alifungua kabati, akatoa suti ya marehemu baba yake, ya rangi ya kijivu, ambayo alikuwa amepanga kuivaa siku ya kumposa Majken. Vifungo na matundu yake havikukaribiana hata kwa kuvuta pumzi. Alikaa kitandani na koti mapajani. Akaapa kwamba sikukuu ya katikati ya kiangazi itakapofika, atakuwa ndani ya suti ile, amepiga goti mbele ya Majken. Na hatamwambia mtu. Atamshangaza.

Januari akaacha wanga wote. Mkate, viazi, tambi, wali, sukari, vyote vikatoka nyumbani. Akabaki na mayai, nyama, siagi na kabichi. Na kwa kuwa alikuwa na haraka, akala kidogo kidogo, na chumvi nayo akaiacha, maana alisikia mahali kwamba chumvi hujaza mwili maji.

Wiki ya kwanza alijiona mwepesi. Kisha ukaja uchovu ambao hakuwahi kuujua. Miguu ilikuwa kama imefungiwa mawe. Kichwa kilijaa pamba. Alisimama jikoni na funguo mkononi, asijue alikuwa anakwenda au amerudi. Alisoma sentensi moja ya gazeti, akaisoma tena, isiingie. Maneno ya watu yalimfikia kwa kuchelewa, na mengine hayakufika kabisa.

"Torsten, unanisikia?" Majken alimuuliza kwenye simu jioni moja.

"Ee."

"Nimesema nini?"

Alitafuta kichwani, hakukuta kitu. "Umesema... kuhusu Jumapili."

"Nimesema mama amelazwa hospitali."

"Pole, kipenzi. Pole sana. Nimechoka tu leo."

"Leo? Umechoka mwezi mzima."

Ilifika Jumanne ya maandazi ya krimu, siku ambayo Wasweden wote, hata wenye meno mabovu, hula andazi lililojazwa lozi na krimu kabla ya mfungo wa Kwaresima. Majken alikuwa amesimama kazini tangu alfajiri akiyajaza kwa mamia. Jioni alijikokota mpaka kwa Torsten, amevaa gauni la manjano na kujipaka rangi ya midomo kwenye ngazi. Alikuja na maandazi mawili, makubwa kuliko yote, aliyoyatengeneza pembeni kwa mkono wake.

Torsten aliyatazama, mate yakamjaa. "Sina hamu," akasema.

"Hamu ya andazi, au ya mimi?"

Hapo ndipo angesema. Suti ilikuwa kabatini, hatua chache tu kutoka pale walipokaa. Lakini ulimi ulikuwa mzito, kichwa kilikuwa kinamvuma, na alichotaka duniani wakati ule ni kulala.

"Sijui, Majken. Niache nipumzike."

Majken alikula la kwake amesimama dirishani, amempa mgongo, akijifuta krimu kwa nyuma ya mkono. Alipomaliza akageuka.

"Kuna mwanamke mwingine?"

"Hakuna! Naapa hakuna."

"Basi kuna nini?"

"Nimechoka tu."

Ulikuwa ukweli mtupu, na haukusikika hata kidogo kama ukweli. Majken alivaa koti lake, akateremka ngazi upesi, bila kushika ukuta.

Mwezi Machi mkahawa mmoja wa huko Umeå, mbali kaskazini, ulimtaka Majken awe msimamizi wa jiko. Hakutaka kwenda. Alitaka mtu mmoja amwambie asiende. Alimpigia Torsten, akamwambia atamsubiri kituo cha Järntorget mchana, tramu yake ikipita, apande naye wazungumze mwisho wa safari. Torsten akasema sawa, na muda mfupi baadaye akasahau kwamba amesema.

Mvua ilikuwa inapiga. Majken alisimama mbele kabisa ya kituo na koti lake jekundu, akanyanyua mkono. Tramu ilikuja, na ndani ya kioo akamwona Torsten, uso umeelekea kwake, macho yamefunguka, yanamtazama. Tramu haikupunguza mwendo. Ikampita, ikamrushia maji mpaka kiunoni.

"Dereva! Kituo! Wewe, kituo!" abiria walipiga kelele nyuma.

Torsten alizinduka. Mbele yake mzee mmoja na mbwa wake walikuwa katikati ya reli. Akashika breki kwa nguvu zote, kengele ikalia, watu wakaangukiana. Tramu ikasimama, na yule mbwa akainusa pua ya tramu kabla mzee hajajua kilichotokea.

Torsten hakuendesha tena siku hiyo. Alipiga simu ofisini mwenyewe, akasema: "Leteni dereva mwingine. Mimi nitaua mtu." Kisha akaenda kituo cha afya, ambako nesi Parvin, mama mwenye sauti ya chini, alimpima na kumhoji anakula nini.

"Wanga umeacha. Sawa, wengi wanaacha. Chumvi je?"

"Nayo."

"Na maji?"

"Nakunywa mengi sana."

"Na chakula chenyewe kiduchu." Parvin akaweka kalamu chini. "Bwana Torsten, ukiacha wanga ghafla mwili unatoa maji, na maji yanaondoka na chumvi. Wewe hukuirudisha, ukazidi kuisukuma nje. Ndiyo maana kichwa kimejaa ukungu. Kunywa supu ya mifupa yenye chumvi, ongeza mayai na mboga, shiba. Kama unataka kupungua, pungua taratibu. Na tramu usiiguse mpaka kichwa kitulie. Huko nyumbani nani anajua?"

"Hakuna."

"Hakuna hata mmoja?"

"Nilitaka iwe jambo la kushangaza."

Parvin akachukua kalamu tena, akamwandikia cheti cha mapumziko.

Wakati huo Majken alikuwa amempigia mara nyingi, na simu ya Torsten ilikuwa imezimwa kwenye mfuko wa koti. Kesho yake ndipo walipozungumza, kichwa cha Torsten bado kizito.

"Sikukuona, Majken."

"Ulinitazama usoni."

"Nilikutazama. Sikukuona."

"Hicho ndicho ninachokwambia tangu Januari, Torsten."

"Nivumilie mpaka kiangazi. Nakuomba."

"Kiangazi kuna nini?"

Aliona aibu kumwambia kwamba ni tumbo, kwamba ni sofa, kwamba ni vifungo vya koti. "Nivumilie tu, kipenzi."

"Mtu anayetaka kuvumiliwa humwambia mwenzake anavumilia nini," Majken akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi tena. Wiki ile ile akapanda treni ya kaskazini.

Supu ilifanya kazi yake. Haikuchukua siku nyingi Torsten akaamka asubuhi na kichwa kilichotulia, mwepesi wa kusoma, mwepesi wa kukumbuka. Ikawa adhabu. Kila alichoambiwa wakati wa ukungu kilimrudia sasa, wazi, na sauti ya Majken ndani yake. Alipiga simu, haikupokelewa. Alipiga tena, akapokea Gunvor, aliyekuwa amemtembelea dada yake huko Umeå.

"Mwache apone, Torsten."

Hata hapo hakusema. Alijiambia kwamba maneno yamekwisha thamani, kwamba Majken akimwona tu ndani ya suti ataelewa yote kwa mara moja. Akangoja kiangazi.

Sikukuu ya katikati ya kiangazi alifika Umeå asubuhi, amenyoa, suti ya kijivu imemkaa kama aliyeshonewa. Miti ya mibetula ilikuwa imechipua majani mapya kando ya mto, na wasichana walipita na mataji ya maua vichwani. Majken alitoka mlango wa nyuma wa mkahawa, gauni la buluu, aproni kiunoni. Alipomwona akashika ukuta.

"Umekonda. Torsten, unaumwa?"

"Siumwi."

Wakakaa kwenye benchi, akamweleza yote. Sofa, suti, mayai, chumvi, ukungu. Majken alisikiliza bila kumkatiza, mikono mapajani.

"Kwa hiyo hapakuwa na mwanamke."

"Hapakuwa."

"Ungekuwa na mwanamke ningepigana naye," Majken akasema. "Ulininyima hata mtu wa kugombana naye. Nilikaa nikijitafuta kasoro. Nilifikiri nimezeeka. Nilifikiri mikono yangu inanuka siagi."

"Majken..."

"Mimi ni mpishi, Torsten! Ungeniambia, ningekupikia mayai kwa namna ambazo hujawahi kuziota. Ningekupikia hiyo supu."

"Najua sasa."

"Mama alifariki Aprili."

Torsten akafungua vifungo vya koti, kimoja baada ya kingine.

"Siku ya mazishi nilikuwa nageuka kutazama mlango wa kanisa. Nilimkataza Gunvor asikwambie, halafu nikakungoja vile vile. Mjinga mimi."

Alilia kidogo, akajifuta na aproni. Torsten, ambaye alikuwa amejifunza hotuba nzima ndani ya treni, alitoa pete mfukoni bila hotuba yoyote. Hakupiga goti. Majken aliitazama pete, kisha akakikunja kiganja cha Torsten juu yake, kidole kimoja kimoja.

"Ungeniuliza na tumbo lako, ningekubali kabla hujamaliza kuuliza."

"Na sasa?"

"Sasa nimeanza kulala usingizi mzima. Sikuchukii. Nakupenda bado, na hilo ndilo linaloniudhi. Lakini sitaki tena kukaa na mtu nikikisia moyo wake."

"Nitakuwa nakwambia kila kitu. Mpaka unichoke."

"Utamwambia mwingine. Umeshajifunza," akasema kwa upole. "Mimi ndiye uliyejifunzia."

Hakumfukuza. Alimkaribisha mezani na wenzake wa mkahawa, wakala samaki wa siki, mayai na jibini, na alasiri wakacheza duara moja kuzunguka nguzo ya maua iliyosimikwa kwa sikukuu, mkono wake kwenye mkono wa Torsten, kama watu waliooana zamani. Watu waliowaona walitabasamu.

Jumapili alimsindikiza stesheni. Hawakuwa na mengi. Majken alimnyooshea ukosi wa koti, akambusu shavuni, akasema, "Safari njema, mzee wangu." Hakungoja treni iondoke. Mikate ilikuwa kwenye tanuri na hakuna mwingine wa kuitoa. Torsten alimfuata kwa macho kupitia dirishani, mpaka gauni la buluu likapotelea kati ya watu, na treni ilipoanza kwenda alikuwa bado anapatazama pale pale.